Kuzonga na Kuzongoa: Waya Katika Sanaa ya Bonsai

Garsen hakuna msonobari. Misonobari ya Kenya hupandwa nyanda za juu zenye baridi. Huku bonde la Tana utakuta mkwaju, mkuyu, mkoma na mathenge. Lakini kupinda mti mbichi si jambo geni huku. Nyumba ya kuba ya Waorma huanza na fito zilizochomekwa ardhini, zikapindwa zikakutana juu, zikafungwa kamba, ndipo zikafunikwa. Kwa hiyo mwalimu wa Garsen anayetaka kufafanua jinsi msonobari mchanga unavyogeuzwa bonsai ana pa kuanzia. Anachokosa ni istilahi.

Tuanze na jina lenyewe. Katika Kijapani, *bon* ni chombo kipana kifupi na *sai* ni kupanda. Sanaa yenyewe Wajapani waliitoa China. Wapo wanaosema "mti kibete", lakini jina hilo linapotosha. Mbegu ya bonsai ni mbegu ya kawaida, na ukiuhamishia mti huo shambani mapema utarefuka kama wenzake. Udogo wake umetokana na chombo, mkasi na subira. "Mti wa sinia" lingekaribia zaidi, tena sinia nalo ni neno la Kiarabu lililotokana na jina la China. Hata hivyo, bonsai tayari inaishia kwa irabu na imekaa vizuri katika ngeli ya I-ZI: bonsai hii, bonsai hizi. Tuiache.

Kazi ipo kwenye waya. Fundi huchukua waya wa alumini, au wa shaba uliochomwa motoni ukalainika, wenye unene wa kama theluthi ya tawi. Huushikiza kwanza kwenye shina, kisha huuzungusha kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi, kutoka penye unene kwenda penye wembamba. Mara nyingi waya mmoja huhudumia matawi mawili yaliyo jirani, kila moja likiwa nanga ya mwenzake. Akishamaliza kuzungusha ndipo hupinda, vidole gumba vikiegemea upande wa ndani wa kona.

Kitendo hicho tukiite nini? "Kutia waya" kutamfanya msomaji afikirie umeme. "Kufunga waya" ni kazi ya mwenye kujenga ua. "Kupinda" ni hatua ya mwisho tu. Napendekeza *kuzonga*. Chatu humzonga mnyama: humzunguka na kumbana kwa pamoja. Neno hili linabeba tendo na hatari yake, maana tawi likinenepa waya ukiwa bado mahali pake, waya huzama katika gome na kuacha kovu la miaka.

Hapa ndipo methali yetu inapohitaji nyongeza. Tunasema samaki mkunje angali mbichi, na kweli msonobari mchanga hupindika kuliko mkongwe. Lakini samaki hushika umbo kwa kukauka, na ufito wa nyumba ya kuba vilevile. Tawi hushika umbo kwa kukua. Linapopindwa, upande wa nje huvutwa, wa ndani hubanwa, na nyufa ndogo hutokea ndani. Mti huongeza tabaka jipya la ubao chini ya gome, nyufa zikaungana, na tawi likazoea pale lilipo. Kwa msonobari kazi hiyo huchukua miezi mingi. Mkono umeshaondoka, waya ndio uliobaki kushikilia.

Kwa hiyo istilahi moja haitoshi. Kiswahili huunda kinyume cha kitenzi kwa urahisi: kunja, kunjua, funga, fungua, zonga, *zongoa*. Tena kinachozongolewa ni tawi, si waya. Mafundi wengi hukata waya kipande kwa kipande, kwa kuwa kuuzungusha kinyume kunaweza kuvunja tawi. Mfugaji hatashangaa: mbuzi aliyekatiwa kamba naye amefunguliwa.

Mwalimu wa Garsen asisubiri msonobari. Mkwaju nao hufanywa bonsai, na miche yake ipo. Auzonge, aukague kila wiki, na siku waya utakapoanza kugusa gome kwa nguvu, auzongoe. Tawi likirudi lilikotoka, atauzonga upya. Likibaki, somo limeeleweka.