Robota au rejareja? Jinsi seva inavyochagua tovuti ya kukupa

Kuna swali naulizwa sana: kwa nini tovuti moja ukiifungua kwenye simu inakuja fasta, halafu ukienda intaneti kafe inazunguka tu mpaka nusu saa yako uliyolipia inakatika? Tunazoea kulaumu mashine za kafe. Mara nyingine kosa ni la aliyetengeneza tovuti, na mimi mwenyewe nimewahi kuwa huyo fundi. Nitasimulia mbele.

Tovuti za siku hizi zinazofanya kazi kama programu huandikwa kwa vipande vingi vidogo vya JavaScript, pengine mia na ushee. Kuna njia mbili za kuvituma. Ya kwanza, unavifunga vyote viwe faili moja kubwa, kama robota la mitumba. Ya pili, unaviacha kimoja kimoja na brauza inachukua inachohitaji. Hapa nitaziita robota na rejareja.

Robota lilishamiri kwa sababu ya HTTP/1.1, lugha ambayo brauza na seva zimeongea tangu 1997. Katika lugha hiyo njia moja inashughulikia ombi moja, likiisha ndipo lije lingine, na brauza nyingi hazifungui zaidi ya njia 6 kwa seva moja. Piga hesabu. Vipande 140 kwa njia 6 ni safari 24. Kama seva iko mbali na kwenda na kurudi ni milisekunde 300, hapo umekaa zaidi ya sekunde 7 ukisubiri safari tu, uzito wa mafaili hatujaugusa.

Mwezi Mei 2015 ikatoka rasmi HTTP/2, iliyotokana na SPDY ya Google ya mwaka 2009. Hii inapitisha maombi mengi kwa pamoja kwenye njia moja. Basi watu wakasema robota la nini tena? Na rejareja ina faida yake ya kweli: fundi akirekebisha kipande kimoja, wewe unashusha hicho tu, siyo robota zima upya. Kwa anayenunua bando la MB hiyo ni hela kabisa.

Tatizo, siyo kila mtu alikuwa na HTTP/2. Ndipo kundi la Polymer pale Google, ambao mwaka 2016 walitambulisha mtindo unaoitwa PRPL, wakaja na zana ya kutengeneza matoleo kadhaa ya tovuti ileile, mengine robota, mengine rejareja, na seva iitwayo prpl-server ya kuchagua nani apewe lipi. Seva hiyo ilichagua kwa kusoma jina la brauza.

Hapo ndipo nilipoumia. Kazi yangu ya kwanza ya mshiko ilikuwa tovuti ya kituo cha tuisheni, wanafunzi wajaze fomu. Nikaiga mtindo huo: ukija na Chrome mpya, unapewa rejareja. Nyumbani kwa simu, safi. Siku ya kujaza fomu vijana wakaenda kafe, ukurasa mweupe. Bosi akanilima simu, na nusu ya malipo iliyobaki sijaiona hadi leo. Kumbe kafe ile ilikuwa na proksi ya kuchuja tovuti, inafungua mawasiliano katikati na kuongea na nje kwa HTTP/1.1. Seva yangu ikaona jina Chrome, ikamwaga vipande 140 kwenye kile kinjia.

Jina la brauza linakwambia brauza inaweza nini. Halikwambii barabara iliyopo katikati ikoje. Cha kuangalia ni lugha iliyokubaliwa kwenye muunganisho wenyewe. Muunganisho wa https unapofunguliwa, upande ule unataja lugha unazozijua na seva inachagua moja. Utaratibu huu unaitwa ALPN, upo tangu 2014. Ukitumia nginx, toleo 1.9.5 la mwaka 2015 na kuendelea, kuna kigezo $http2. Kikiwa kitupu, mteja hakuja kwa HTTP/2: mpe robota.

Uamuzi ufanye hapohapo mbele kwenye nginx. Programu yako iliyo nyuma yake kwa kawaida haipelekewi HTTP/2, kwa hiyo yenyewe itadhani wateja wote ni wa zamani.

Halafu kuna kache. Ukiweka vitu viwili tofauti kwenye anwani moja, proksi inaweza kuhifadhi kimoja ikampa kila mtu. Weka robota na rejareja kwenye folda mbili tofauti, kinachobadilika kiwe ukurasa wa kuingilia tu, na huo uukataze usihifadhiwe.

Je, rejareja kweli ina kasi kwenye HTTP/2? Khan Academy walijaribu mwaka 2015 wakakuta vipande vingi vidogo bado vinachelewa. Sababu moja, faili dogo halibanwi vizuri kama kubwa. Nyingine, brauza haijui kipande cha ndani mpaka isome kile kinachokiita, nacho kinaita kingine, mlolongo hauishi. HTTP/2 ilikuwa na ujanja wa seva kusukuma mafaili kabla hayajaombwa, lakini Chrome waliuzima toleo la 106 mwaka 2022, na Firefox wakautoa 2024. Siku hizi unaandika modulepreload kwenye ukurasa. HTTP/3 ya Juni 2022 inasaidia pale data zinapopotea njiani, ila mlolongo huo haiuondoi.

Mimi kwa sasa nimeachana na matoleo mawili. Natengeneza marobota madogo kama manane: la kuingia, la fomu, la picha na kadhalika. Ukibadilika mmoja unashusha hilo moja, na kwenye HTTP/1.1 ni safari mbili tu. Ukilazimika kuwa na rejareja, basi robota liwe la kila mtu kwanza, rejareja apewe aliyethibitishwa.

Hapo kafe ulipokaa, kama unatumia Chrome, bonyeza F12, fungua Network, bofya kulia juu ya majina ya safu, weka tiki kwenye Protocol kisha fungua ukurasa upya. Ukiona h2 au h3 uko sawa. Ukiona http/1.1 kwenye tovuti kubwa zote, kuna proksi katikati. Tuambie kwenye maoni hapo chini umeona nini na uko mji gani.