Jengo Lililokalia Nafasi ya Uso

Mimi ni keshia katika duka la pembejeo hapa Eldoret. Wakulima wakianza kununua mbegu na mbolea, nashinda nikihesabu noti, na kila noti ina jumba la mikutano la KICC, la Nairobi. Wengi wao hawajawahi kukanyaga jengo hilo, lakini wanalijua kuliko jumba lolote la Nairobi. Naona hakuna mchoro wa usanifu wa kisasa uliosambaa Kenya kama huu, na unastahili kutazamwa kama sanaa.

Tangu noti zetu za kwanza za 1966, nafasi ambayo jengo hili linaikalia sasa ilikuwa ya uso wa rais: Kenyatta, halafu Moi, halafu Kenyatta tena. Kifungu cha 231 cha Katiba ya 2010 kikakataza sura ya mtu yeyote kwenye pesa, ila ikachukua miaka karibu tisa noti zibadilishwe. Noti mpya zilitangazwa Narok, Madaraka Dei ya 2019, na mwisho wa Septemba noti ya elfu ya zamani ikafa. Siku zile wazee walituletea maelfu yaliyokunjwa mara nne, yananuka moshi wa jikoni, na mikunjo imepita katikati ya uso wa Mzee Kenyatta.

Jengo lenyewe lilibuniwa na Karl Henrik Nøstvik wa Norwei pamoja na David Mutiso. Kazi ilianza 1967 kwa nia ya kujenga makao ya chama cha KANU, ikaisha 1973, mwaka ambao Benki ya Dunia na IMF zilikutana Nairobi. Mnara una kimo cha mita 105 hivi. Kinachonivutia zaidi ni ukumbi ulio kando yake, wenye umbo la pia. Aliyekulia nyumba ya msonge huku kwetu analitambua paa lile papo hapo, ingawa ni la zege.

Lakini mbele ya jengo ameketi Jomo Kenyatta wa shaba, sanamu ya Mwingereza James Butler, na kwenye noti yupo pia. Kesi ya kupinga sura hiyo ilipelekwa Mahakama Kuu, ikatupwa. Mimi bado nasema mchoraji angesogea hatua chache, akalichora jengo kutoka upande mwingine. Lina nguvu ya kusimama peke yake, na Wakenya walipoipitisha Katiba walipiga kura kwa ajili ya hilo.