Mgeni Anapovuka Maji: Historia Fupi ya Ukerewe na Waliokuja Kupumzika



Kila mwaka ifikapo Desemba, tuliotawanyika Mwanza, Dodoma, Arusha na Dar es Salaam tunaanza kuulizana swali moja: "Mwaka huu unavuka?" Hatusemi unasafiri wala unakwenda likizo. Tunasema unavuka, na anayesikia anaelewa.

Siku hizi hata wasio na asili ya kwetu wameanza kuuliza habari za kuvuka. Wenzangu wa kazini wanataka kujua mahali tulivu pa kupumzika siku tatu nne, pasipo foleni wala kelele za baa. Nimewaelekeza kadhaa Ukerewe, na waliorudi walisema walilala vizuri kuliko walivyolala kwa miaka. Wengi wao, hata hivyo, walirudi wakidhani wametoka mahali ambapo hakujawahi kutokea jambo lolote. Ndiyo maana Kamati ya Jarida iliponiomba niandike kurasa chache za historia nilikubali, ingawa mimi ni mhasibu na si mwanahistoria. Kazi yetu inatufundisha kwamba usiamini salio kabla ya kuona miamala iliyolizaa. Utulivu wa kisiwa chetu ni salio, na hapa chini naorodhesha baadhi ya miamala yake.

Kisiwa kilicholipa ziwa jina

Ukerewe ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 530. Ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria, na ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vilivyo ndani ya maziwa ya Afrika. Kukizunguka kuna Ukara na visiwa vingine vingi vidogo, vingine vyenye vijiji na vingine vyenye kambi za wavuvi tu. Katika sensa ya 2012 wilaya yetu ilikuwa na watu zaidi ya 345,000: Wakerewe, Wajita, Wakara, Wasukuma na wengine waliovuka wakakaa.

Kabla ziwa halijapewa jina la malkia wa Uingereza, wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili waliokuwa Tabora walilijua kwa jina la Ukerewe. John Hanning Speke alipofika karibu na Mwanza mwezi Agosti 1858, jina hilo ndilo alilokuwa amelisikia njiani. Baadaye ramani za Ulaya zikaandika Victoria, na jina letu likabaki kwa kisiwa peke yake. Mtoto wa Ukerewe anayejifunza jiografia anastahili kuambiwa hivyo darasani.

Kisiwa hakikujulikana mbali kwa bahati. Kilikuwa njiani. Mitumbwi ilipita kati ya Usukuma, Buhaya na Buganda ikibeba pembe za ndovu, chumvi, samaki, nafaka na majembe. Watemi wa ukoo wa Basilanga, waliotawala kwa cheo cha Omukama, walijua kwamba anayemiliki mitumbwi na wapiga makasia anamiliki njia.

Wageni wa Lukonge

Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alihitaji kuvusha watu wake kwenda Buganda, naye hakuwa na vyombo vya kutosha. Alikwenda kwa Omukama Lukonge wa Ukerewe. Alipokelewa, akakirimiwa, akakaa kisiwani siku kadhaa, na mwishowe akapewa mitumbwi. Katika maandishi yake alikisifu kisiwa na mwenyeji wake. Ukisoma sifa hizo usisahau kwamba mgeni huyo alikuwa na shida, na kwamba shida yake ilitatuliwa na Wakerewe.

Miaka miwili baadaye mambo hayakuwa mazuri. Wamisionari wa Kianglikana walifika wakielekea Buganda, wawili wao wakiwa Luteni Shergold Smith na O'Neill. Kulikuwa na ugomvi kati ya Lukonge na mfanyabiashara wa Kiarabu aitwaye Songoro, uliozunguka jahazi lililojengwa kisiwani. Mwezi Desemba 1877 ugomvi huo ukageuka mapigano, na Songoro pamoja na wamisionari hao wawili wakauawa. Huko Ulaya habari ikasimuliwa kama ukatili wa mtemi mmoja. Kwa upande wetu ni vema tukumbuke kwamba mtemi alikuwa na hoja kuhusu nani anafanya nini katika nchi yake, na pia kwamba watu walikufa ambao pengine wasingekufa. Mambo yote mawili ni kweli.

Baada ya hapo wakaja Wajerumani, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakaja Waingereza. Wamisionari wa Kikatoliki, White Fathers, walijenga Kagunguli. Pamba ikaletwa, na kinu cha kuchambulia pamba cha Murutunguru kikawa sehemu ya maisha ya familia nyingi. Ada za shule za wazee wetu wengi zilitoka kwenye magunia ya pamba. Bukindo ilibaki makao ya mtemi hadi serikali ya Tanganyika huru ilipoufuta utawala wa machifu mwaka 1963. Jumba la Bukindo bado liko. Mgeni anayekwenda Ukerewe kupumzika na asifike Bukindo hajafika.

Ukara: akili ya udongo

Watu wengi wanaijua Ukara kwa jiwe linalocheza. Waendao kuliona na waende, lakini njiani watazame mashamba.

Ukara ni kisiwa kidogo chenye watu wengi na udongo wa kichanga usio na nguvu nyingi. Kwa hesabu ya kawaida kingekuwa kimeshachoka zamani. Wakara hawakukubali hesabu hiyo. Walifungia ng'ombe ndani, kwenye mashimo, wakawakatia majani na kuwaletea, kisha wakabeba mbolea kichwani hadi mashambani. Walijenga kingo za mawe kuzuia udongo usikokotwe na mvua. Walipanda mimea ya jamii ya kunde wakaifukia ili irutubishe ardhi. Walioteshea majani ya mifugo kwenye bustani za maji kando ya mito na ziwa. Mabwana shamba wa Kiingereza walipofika katika miaka ya 1930 walishangaa na kuandika ripoti, kwa sababu waliyokuwa wanajaribu kuwafundisha wakulima wa bara yalikuwa yanafanyika Ukara bila mwalimu kutoka nje.

Hayo yalizaliwa na uhaba. Panapokosekana ardhi ya kuhamia, mtu hana budi kuitunza aliyo nayo.

Kisiwa cha vitabu

Sijui wilaya nyingine ya ukubwa wetu iliyowapa Watanzania waandishi wa namna hii.

Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896, wa ukoo wa watemi, akasoma kwa mapadri. Aliona kwamba desturi alizokulia zinatoweka, akaamua kuziweka ndani ya riwaya. Aliiandika kwa Kikerewe na kuimaliza mwaka 1945, akitiwa moyo na Padri Almas Simard. Ni hadithi ya Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, wanaopendana lakini hawana mtoto, na ndugu wanaotaka kuwatenganisha. Ndani yake kuna kila kitu: jinsi ya kumkaribisha mkwe, kutengeneza pombe, kuvua, kuwinda, kutibu, kuomba msamaha.

Mchapishaji hakupatikana. Mzee Kitereza, akiwa amedhoofishwa na baridi yabisi, akaitafsiri kazi yake mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ikaichapa mwaka 1980, miaka 35 baada ya kukamilika. Mwaka 1981 mwandishi akafariki, kabla nakala hazijamfikia mkononi. Mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, naye mwandishi na mwana-Ukerewe, akaitoa kwa Kiingereza.

Kutoka Namagondo akatoka Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa mwaka 1944. Riwaya yake ya Rosa Mistika, iliyotoka 1971, inaanzia kijijini kwao. Ilizuiwa mashuleni kwa muda, wanafunzi wakaisoma kwa siri, na baadaye ikaja kufundishwa. Kisha zikafuata Kichwamaji, Dunia Uwanja wa Fujo, Gamba la Nyoka, na mashairi yaliyozua mjadala nchi nzima kwa kuacha vina na mizani. Alifariki Januari 2020.

Sasa niulize swali la mkaguzi wa mahesabu: ni shule ngapi za msingi kisiwani mwetu ambako mtoto anaweza kunyoosha mkono na kushika nakala ya Kitereza au Kezilahabi? Tuulizane tunapokutana.

Gharama ya maji

Nimesema utulivu ni salio. Maji yanayotutenga na kelele ndiyo yanayotutenga na hospitali ya rufaa, soko na chuo. Kutoka Mwanza hadi Nansio ni safari ya saa tatu hivi kwa meli. Wanaopitia Bunda wanavuka kwa kivuko kati ya Kisorya na Rugezi. Kutoka Ukerewe kwenda Ukara ni kuvuka tena, na kwenda visiwa vidogo ni mtumbwi.

Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio la Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia kabisa Bwisya, Ukara. Kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101, nao waliokuwemo walizidi mara mbili ya idadi hiyo. Waliokufa walizidi 220. Wengi wao walikuwa wanarudi nyumbani na unga, sukari, sare za shule na mabati. Taifa liliomboleza siku nne. Baadaye kivuko kipya kikawekwa, na tunashukuru. Lakini katika visiwa vidogo watu bado wanavuka kwa mitumbwi, na ndani ya mitumbwi hiyo kuna wanafunzi, wajawazito na wagonjwa, wengi wao bila chochote cha kuwaelea ikitokea dhoruba.

Mgeni anayepiga picha ya mtumbwi jua likizama anapiga picha nzuri. Sisi tunajua nani yuko ndani yake.

Kwa anayetaka kuvuka

Nawaandikia wageni machache ya kuwasaidia. Njoo Juni hadi Agosti, au mwishoni mwa mwaka machungwa yetu yanapokuwa sokoni, ila uliza kwanza hali ya hewa. Kodi baiskeli Nansio uende taratibu. Nenda Bukindo, Kagunguli, msitu wa Rubya na fukwe zake. Panda kilima cha Handebezyo uone ziwa pande zote. Usiku kaa ufukweni utazame taa za wavuvi wa dagaa. Zikiwa nyingi utadhani ni mji mwingine juu ya maji. Usiogelee kwenye maji yaliyotulia yenye matete, kwa sababu kichocho kipo ziwani kote. Nunua chakula kwa mama lishe na ulale nyumba ya wageni ya mwenyeji. Na kabla hujapanda chombo chochote, omba jaketi la kujiokolea. Likikosekana, subiri kinachofuata.

Ombi la mwaka huu

Ukiipitia historia hii utaona kila mgeni aliyevuka aliacha kitu au alichukua kitu. Wengine walichukua pembe za ndovu na jina la ziwa. Wengine waliacha shule na kinu cha pamba. Sisi tunaoishi mjini, tupende tusipende, tumekuwa wageni pia: tunavuka Desemba, tunakula samaki, tunalala usingizi mzito, Januari tunaondoka. Tukifika kwa wazee wanatuuliza tutarudi lini. Hawatuulizi tumeacha nini, lakini hesabu ipo.

Chama chetu kinaomba mchango wa vitu viwili. Cha kwanza ni majaketi ya kujiokolea, ya watu wazima na ya watoto, kwa mitumbwi inayobeba wanafunzi na wagonjwa kati ya visiwa. Cha pili ni rafu za vitabu katika shule za msingi, ukianza na waandishi wetu wenyewe. Majaketi yamewekwa mbele kwa sababu iliyo wazi: mtoto lazima afike shuleni ndipo asome.

Fomu ya ahadi imo ndani ya jarida hili. Anayeweza kutoa jaketi moja atoe moja. Litahesabiwa na litaandikwa. Kwa wajumbe wanaopenda kuuliza fedha zinakwenda wapi, naomba mwendelee kuuliza. Taarifa ya mapato na matumizi itasomwa mbele ya mkutano mkuu, na vitabu viko wazi kwa mwanachama yeyote.

Mzee Kitereza alisubiri miaka 35. Watoto walio mtumboni asubuhi hii hawana muda huo.

Karibuni tuvuke pamoja.