Kuinuka na Kuanguka kwa Tovuti ya Miniclip

Msomaji, katika mashamba ya Kericho na Bomet mchumaji wa chai hutwaa majani mawili na chipukizi, na baada ya siku chache mchai huchipua tena. Mchai hudumu miaka 50 na zaidi, kwa kuwa mizizi yake imezama chini. Si kila kistawicho huwa na mizizi ya namna hiyo.

Mwaka 2001 Robert Small na Tihan Presbie walianzisha Uingereza tovuti ya michezo iitwayo Miniclip. Siri ya kufaulu kwake ilikuwa wepesi. Mchezaji hakununua kitu. Alifungua kivinjari, akachagua mchezo, akacheza bure, na gharama zikalipwa na matangazo ya biashara. Michezo mingi ilitungwa kwa programu iitwayo Flash, nayo ilikuwa midogo hata ikapita katika intaneti ya polepole.

Nyaya mpya za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009, intaneti ya Kenya iliongezeka kasi. Katika miji ya bara, Kericho ikiwa mojawapo, kijana asiye na kompyuta alilipia dakika zake katika saiba. Mchezo mfupi ulimfaa mwenye shilingi chache.

Lakini Flash haikuwa mali ya Miniclip. Tangu 2005 ilikuwa ya kampuni ya Adobe. Simu ya iPhone, iliyotoka 2007, haikuikubali. Mwaka 2010 Steve Jobs aliandika waziwazi kwamba Flash ilimaliza betri na kuhatarisha usalama. Wachezaji wakahamia simuni. Mwisho Adobe iliiacha Flash tarehe 31 Desemba 2020. Kampuni ya Miniclip haikufa, maana ilikwisha kuhamia katika michezo ya simu. Bali mwaka 2022 tovuti yake iliondolewa karibu michezo yote.

Je, kazi ya watunzi wale ilipotea? La. Tangu 2018 watu wa kujitolea, katika mradi uitwao Flashpoint, wamehifadhi michezo zaidi ya 100,000. Wengi wao hawakuitunga, waliipenda tu.

Wahenga walisema: mtegemea cha ndugu hufa maskini. Kijana utakayetunga programu kesho, uliza kwanza shamba unalopanda ni la nani, kisha uweke mbegu ya akiba.