Udongo wa Vyungu Bujumbura

Mimea inayoweka akiba ya maji katika mashina na majani ilikuwapo kabla Bujumbura haijawa mji. Wajerumani walipojenga kituo cha kijeshi Usumbura, jina la zamani la Bujumbura, mwaka 1897, tambarare ya Rusizi ilikuwa na misitu ya Euphorbia dawei, mti wa jamii ya mnyaa, na mnyaa wenyewe ulipandwa kuwa ua wa nyumba. Dungusi halisi, mpungate ukiwamo, zina asili ya Amerika. Mimea hii yote, ya hapa na ya kigeni, hufa mizizi ikikaa majini.

Tambarare iliikinga mimea yake kwa kiangazi cha Juni hadi Septemba na kwa mchanga ulioletwa na mto. Chungu hakina kinga hiyo. Kila kitu kinategemea mchanganyiko uliomo.

Ulaya ilichelewa kuupatia mchanganyiko kipimo. Katika miaka ya 1930, W. J. C. Lawrence na J. Newell wa taasisi ya John Innes, Uingereza, walipendekeza sehemu 7 za udongo tifutifu, 3 za mboji ya kinamasi na 2 za mchanga mkubwa. Baadaye viwanda viliacha udongo na kujaza mifuko mboji ya kinamasi karibu tupu, kwa kuwa ni nyepesi kusafirisha. Kwa dungusi hilo lilikuwa kosa kubwa: mboji hiyo ikilowa hushika maji kwa muda mrefu, na ikikauka kabisa huyakataa.

Burundi inayo mboji hiyo, inayoitwa nyiramugengeri, katika mabonde ya nyanda za juu. Historia yake hapa ni ya jikoni zaidi kuliko ya bustani: shirika la ONATOUR, lililoanzishwa mwaka 1977, liliichimba iwe fueli badala ya mkaa.

Kwa Bujumbura, inafaa kuanza na mchanga. Mito ya Ntahangwa, Muha na Kanyosha huteremsha kutoka milima ya Mumirwa mchanga na kokoto ambazo mafundi ujenzi wamezitumia miaka mingi. Ukichekechwa ili vumbi litoke, sehemu 2 za mchanga mkubwa kwa 1 ya udongo wa shamba na 1 ya samadi iliyooza vizuri zinaitosha mimea mingi ya aina hii. Udongo wa tambarare uchaguliwe kwa uangalifu, kwa sababu mahali pengine una chumvi.

Bonsai, mti unaodumazwa chunguni, hudai zaidi. Wajapani hutumia akadama, udongo wa volkano wenye chembe zinazopitisha hewa. Matofali ya kuchoma yaliyopondwa na kuchekechwa, yabaki chembe za milimita 2 hadi 6, hufanya kazi iliyo karibu na hiyo.

Chombo nacho ni sehemu ya udongo. Vyungu vya Batwa, wafinyanzi wa Burundi kwa vizazi vingi, hupumua kupitia kuta zake na kukauka upesi. Ndoo ya plastiki iliyochukua nafasi yake huhitaji matundu mengi chini na mchanga zaidi ndani.

Uchimbaji holela wa mchanga, pamoja na mafuriko, umezimega kingo za Ntahangwa hadi nyumba zikaporomoka. Mpanda maua anunue mchanga uliochimbwa mahali palipoidhinishwa, au aponde matofali yaliyovunjika.