Carl Sandburg: Mshairi aliyeandika juzuu sita kuhusu Abraham Lincoln

Wamarekani wengi walimjua kwanza kama mshairi wa Chicago. Baadaye wakamjua kama mtu aliyewasimulia maisha ya Rais Abraham Lincoln kuliko karibu mwandishi yeyote wa zama zake. Lakini je, mshairi anaaminika akiandika maisha ya mtu aliyeishi kweli?

Swali hilo lilimfuata Carl Sandburg kwa miaka mingi, na hata leo wanahistoria bado wanabishana.

Alitokea wapi?

Sandburg alizaliwa Januari 6, 1878 katika mji wa Galesburg, jimbo la Illinois. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Sweden, na baba yake alikuwa msaidizi wa mhunzi kwenye karakana ya reli.

Maisha yalikuwa magumu. Aliacha shule akiwa na miaka 13 na kuanza kuhangaika na vibarua: kusambaza maziwa, kufanya usafi kwenye duka la kinyozi, kazi za mashambani. Mwaka 1897 akaanza kudandia treni za mizigo kuelekea magharibi kutafuta riziki. Mwaka uliofuata akajiunga na jeshi na kupelekwa Puerto Rico wakati wa vita kati ya Marekani na Hispania.

Aliporudi aliingia Chuo cha Lombard hapohapo Galesburg, ila hakumaliza. Hakuwahi kupata shahada kwa njia ya kawaida ya darasani.

Sasa, kuna jambo moja kuhusu mji huo. Oktoba 1858, miaka 20 kabla ya Sandburg kuzaliwa, Lincoln alifika Galesburg kufanya mdahalo na Stephen Douglas kuhusu suala la utumwa. Mtoto Carl alikua akiwasikia wazee wakizungumza habari za Lincoln. Kwake yeye, Lincoln hakuwa sanamu ya mawe. Alikuwa mtu aliyewahi kupita mtaani kwao.

Mashairi na gazeti

Mwaka 1914 jarida la Poetry la Chicago lilichapisha mashairi yake, likiwemo lile maarufu liitwalo "Chicago". Miaka miwili baadaye kikatoka kitabu chake, Chicago Poems.

Hakufuata vina wala mizani. Aliandika kwa lugha ya mtaani, kuhusu wachinjaji, wajenzi wa reli na wanawake wa viwandani. Wapo waliosema hayo si mashairi kabisa. Wengine walifurahi kuona kwamba hatimaye mtu wa kawaida naye ameingia kitabuni.

Mkate wake wa kila siku, hata hivyo, ulitoka kwenye uandishi wa habari. Akiwa Chicago Daily News, mwaka 1919 alizunguka kwenye mitaa ya watu weusi akiandika kuhusu kodi za nyumba, ajira na ubaguzi. Mfululizo huo ulikuwa bado unaendelea pale ghasia za kibaguzi zilipolipuka jijini Julai mwaka huo. Watu 38 waliuawa, 23 kati yao wakiwa weusi. Makala zake zilikusanywa na kuwa kitabu mwaka huohuo.

Kitabu cha watoto kilichogeuka mradi mkubwa

Wazo la wasifu wa Lincoln lilianza dogo tu. Mchapishaji wake, Alfred Harcourt, alimshauri aandike kitabu cha Lincoln kwa ajili ya vijana. Sandburg akaanza, na kazi ikamshinda kuizuia.

Wakati huo alikuwa akisafiri mji hadi mji akisoma mashairi na kuimba nyimbo za asili kwa gitaa. Safari hizo pia zilimpa nafasi ya kukusanya vitabu, barua na kumbukumbu kuhusu Lincoln.

Mwaka 1926 zikatoka juzuu mbili, The Prairie Years, zinazoanzia utoto wa Lincoln hadi anapoondoka Springfield kwenda Washington kuapishwa. Mwaka 1939 zikafuata juzuu nne, The War Years, kuhusu miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na kuuawa kwa Lincoln mwaka 1865. Jumla, juzuu sita.

Kazi hiyo ya pili ilimpa tuzo ya Pulitzer mwaka 1940, lakini ya historia, si ya wasifu. Kwa nini? Kanuni za tuzo ya wasifu za wakati huo ziliwaweka kando George Washington na Lincoln, kwa kuwa walishaandikwa mno.

Lincoln si pekee aliyemwandikia. Mwaka 1929 alitoa kitabu kuhusu mpigapicha Edward Steichen, ambaye alikuwa shemeji yake, na mwaka 1932 kingine kuhusu Mary, mke wa Lincoln.

Wakosoaji walisema nini?

Hapa ndipo penye utata. The Prairie Years haina tanbihi. Msomaji anasimuliwa upepo wa mbugani na mawazo ya kijana Lincoln, lakini haelezwi habari hizo zimetoka wapi.

Sehemu iliyopigiwa kelele zaidi ni ile ya Ann Rutledge, binti wa kijiji cha New Salem aliyefariki mwaka 1835. Habari za mapenzi yake na Lincoln zinategemea zaidi kumbukumbu za wanakijiji, zilizokusanywa miaka 30 baadaye, Lincoln akiwa ameshauawa. Sandburg aliandika kana kwamba alikuwepo.

Kisha ukaja mtego wenyewe. Mwishoni mwa 1928 jarida la Atlantic Monthly lilianza kuchapisha barua zilizodaiwa kuwa za Lincoln na Ann. Sandburg alizipokea mwanzoni. Wataalamu walipozichunguza, wakakuta moja inataja Kansas, wakati eneo hilo halikufunguliwa kwa walowezi hadi mwaka 1854. Zilikuwa za kughushi! Sandburg alibadili msimamo na kukiri hadharani kwamba hisia zilimtangulia.

Ukisoma The War Years unaona tofauti. Hotuba, magazeti, barua na kumbukumbu za Bunge vinachukua nafasi kubwa, na mshairi anatulia pembeni. Hata hivyo, mhakiki Edmund Wilson hakuridhika. Aliona Sandburg amemfunika Lincoln halisi kwa hisia nyingi mno.

Kwa nini bado anasomwa?

Kwa sababu alichokifanya hakikuwa rahisi. Wengi waliomtangulia walimwandika Lincoln kama mtakatifu au kama mwanasiasa wa kwenye nyaraka. Sandburg, aliyewahi kulala kwenye mabehewa ya mizigo, alielewa umaskini wa mtoto wa kibanda cha magogo bila kuhitaji kuelezwa.

Ushairi wake ulimpa sikio la kusikia namna watu wanavyoongea. Ushairi huohuo ulimshawishi kujaza mapengo ambayo hakuna karatasi inayoyathibitisha. Ukitaka tarehe na ushahidi, tafuta wanahistoria waliokuja baadaye. Ukitaka kujua Lincoln alivyoishi vichwani mwa watu wa kwao, Sandburg ndiye wa kumsoma. Anayeona juzuu sita ni nyingi anaweza kuanza na toleo fupi la juzuu moja, alilolitoa mwaka 1954.

Februari 12, 1959, Lincoln akitimiza miaka 150 tangu kuzaliwa, Sandburg alialikwa kuhutubia mabunge yote mawili ya Marekani. Alifariki Julai 22, 1967 huko Flat Rock, North Carolina, akiwa na miaka 89. Majivu yake yalizikwa nyuma ya nyumba ndogo aliyozaliwa, Galesburg. Miezi miwili baadaye, ibada ya kumkumbuka ilifanyika Washington, kwenye jengo la kumbukumbu ya Lincoln. Rais Lyndon Johnson alihudhuria.