Mipira Hamsini ya Aasif Karim

Huku kwetu Nyamahanga kriketi haichezwi. Wavulana wana mpira wao wa makaratasi uliofungwa kwa kamba za migomba, na wasichana wana rede, wawili wakirusha na wa katikati akikwepa. Kwa hiyo, ndugu msomaji, usishangae nikikuambia kwamba kriketi iliyochezwa Durban, Afrika Kusini, ndiyo iliyonikosanisha na mzee mmoja niliyemheshimu sana.

Ilikuwa tarehe 15 Machi 2003, katika Kombe la Dunia. Kenya ilikuwa imekwisha washangaza wengi. Mwezi uliotangulia, tarehe 24, mjini Nairobi, iliishinda Sri Lanka, na kijana Collins Obuya peke yake aliwatoa wapigaji 5. Sasa ilikuwa zamu ya Australia, mabingwa wa dunia.

Mambo yalianza vibaya. Brett Lee wa Australia aliwatoa Wakenya watatu kwa mipira mitatu mfululizo. Kenya ikajikongoja hadi mikimbio 174, na Australia ikaanza kuifuata kwa kasi ya kutisha. Hapo nahodha Steve Tikolo akamkabidhi mpira Aasif Karim, mtu wa Mombasa mwenye umri wa miaka 39, ambaye alikwisha staafu na kurudishwa kikosini. Zamani aliwahi hata kuichezea Kenya tenisi. Hakuwa na nguvu za Lee. Alirusha polepole, kwa mkono wa kushoto, mpira ukizunguka. Alirusha mipira 50, na katika yote hiyo Waaustralia walipata mikimbio 7 tu. Ponting, nahodha wao, akatolewa, Lehmann akafuata, Hogg akaurudisha mpira hewani na Karim akaudaka mwenyewe. Australia ilishinda hata hivyo, ikiwa na wapigaji watano wa akiba. Lakini mchezaji bora wa siku hiyo alitangazwa kuwa Karim.

Jumapili, baada ya ibada, nilipita dukani kwa yule mzee nikiwa na habari hizo za redioni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Hao Wakenya wako wamefanyaje?"

"Wameshindwa, mzee. Lakini mchezaji bora ni wa kwao."

Akacheka. "Aliyeshindwa anapewa zawadi? Huko ni kumbembeleza mtoto anayelia."

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia, mbele ya wateja, kwamba mchezo haujui na heri angenyamaza. Sikulelewa kumjibu mkubwa namna hiyo. Duka likawa kimya.

"Naujua," akasema taratibu. "Naujua kwa upande wa nje wa uzio."

Ndipo akatusimulia. Akiwa kijana alikuwa mtumishi wa nyumbani Dar es Salaam, na siku za Jumapili alisimama nje ya klabu moja, yeye na wenzake, wakiwarudishia wachezaji mipira iliyotoka nje. Siku moja mpira uliruka juu sana. Akakimbia, akaudaka kwa mkono mmoja kabla haujagusa chini. Ndani wakapiga makofi, lakini walimpigia aliyeupiga. Akaurusha ndani.

Nilipofika nyumbani nilijiona mdogo. Tangu enzi za ukoloni klabu za kriketi Afrika Mashariki ziligawanyika kwa rangi na jamaa, na mengi yalifanyika kabla Mwafrika hajaukabidhiwa mpira huo. Timu ya Afrika Mashariki iliyokwenda Uingereza katika Kombe la Dunia la kwanza, 1975, ilikuwa na wachezaji wengi wa asili ya Asia. Mwandishi wa Uganda, John Nagenda, alikuwa miongoni mwao. Walishindwa mara zote tatu. Miaka 21 baadaye, kule Pune, India, tarehe 29 Februari 1996, Kenya iliwamaliza West Indies wote wakiwa na mikimbio 93 tu, ikawashinda. Rajab Ali alirusha, Tariq Iqbal akadaka nyuma ya wiketi, na Brian Lara mwenyewe akatoka. Vijana wa majina ya Kiafrika, Kihindi na Kiislamu, wote upande wa ndani wa uzio.

Furaha hiyo haikudumu. Maurice Odumbe, shujaa wa Pune, alifungiwa miaka mitano mwaka 2004 kwa mambo ya fedha za wacheza kamari, na mwaka 2014 Kenya iliondolewa katika daraja la michezo ya siku moja ya kimataifa. Lakini hayo yalikuwa bado siku niliyorudi dukani kuomba radhi.

Mzee alikuwa akipima sukari. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Yule wa Mombasa," akasema, "ule mpira wa mwisho aliudaka mwenyewe?"

"Mwenyewe, mzee."

"Na wakauandika?"

"Wameuandika."

Akatikisa kichwa kukubali, akaifunga sukari ya mteja.